Matundu Matano Nyuma ya Kuni

Simu ya kwanza kutoka Iringa niliikata mwenyewe. Sauti ilikuwa ya mzee. Iliniuliza kama ni mimi ninayeangusha miti mikubwa iliyo karibu na nyumba, nikasema ndiyo. Ikaniuliza kama nina ndugu yeyote Iringa. Sina. Rafiki je? Sina. Niliwahi kufanya kazi Iringa mjini? Hapo nikakata, nikidhani ni mmoja wa wale wanaopiga simu kutafuta mtu wa kumtapeli.

Akapiga tena baada ya dakika moja.

"Sijamaliza," alisema, bila hasira. "Mafundi wa hapa wote wanajuana na jirani yangu. Nataka fundi asiyemjua mtu."

Alikuwa mpima ardhi mstaafu. Nyumbani kwake kulikuwa na mparachichi alioupanda mwaka aliojenga, na sasa mti ule ulikuwa unakauka upande mmoja. Alitaka mambo mawili. La kwanza, tuuangushe kabla haujaanguka wenyewe. La pili, niandike karatasi yenye saini yangu kwamba mti umeuawa kwa sumu na aliyeuua ni jirani.

"Nitaandika nitakachokiona," nilimwambia.

"Ndicho ninachotaka."

Sikumwamini. Yeye naye hakuniamini, maana kabla hatujakata simu alinitaka nimtumie picha ya kitambulisho changu.

Lazima nieleze kwa nini nilikuwa hivyo. Kazi ya kukata miti ya watu inamfundisha mtu kutomwamini mteja. Miaka ya mwanzo, hapa Mbeya, mwanamume mmoja alitupeleka kwenye nyumba iliyo mitaa ya juu, karibu na mlima. Alitufungulia geti kwa funguo zake, kandambili miguuni, akatuonyesha mkaratusi na kusema unampasulia ukuta. Tukauangusha, tukaukata vipande, akatuaga vizuri. Siku ya tatu niliitwa ofisi ya kata. Yule alikuwa mpangaji. Mwenye nyumba alikuwa Makongolosi kwenye machimbo, amerudi akakuta kisiki. Sitasahau alivyoniangalia. Hakunitukana hata kidogo. Aliniangalia mikono tu, kama mtu anayetafuta kitu chake kilichoibwa.

Tangu siku hiyo siwashi mashine mpaka nione hati ya kiwanja, mwenyekiti wa mtaa awe amesimama pale, na nimepiga picha mti ukiwa mzima. Wateja wengi wanaudhika. Mama mmoja wa Uyole aliniuliza kama nimekuja kukata mti au kumkamata. Sikuacha. Wateja wanasema nyaya za umeme haziko karibu, na ziko. Wanasema mti hauna nyuki, na unao. Wanasema wamekubaliana na jirani, kumbe jirani amesafiri na ndiyo maana wanataka kazi iishe leo.

Nafanya kazi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mzima wa Tukuyu asiyependa maneno. Yeye hupanda. Mimi hukaa chini nikishika kamba na kusikiliza wateja. Nilipomweleza habari za Iringa alifikiri kidogo, akasema, "Huyo ameshaamua. Anatafuta muhuri tu." Kisha akaanza kukunja kamba.

Tulifika Iringa jioni, tukalala nyumba ya wageni, na saa mbili asubuhi tulikuwa getini kwake. Upepo wa Iringa ulikuwa unavuma kama kawaida yake, na mti ule tuliuona kabla ya kuiona nyumba. Ulikuwa mparachichi wa kienyeji, mrefu kupita paa mara mbili. Upande wa nyumba majani yalikuwa ya kahawia na yamejikunja. Upande wa jirani bado yalikuwa mabichi, na maparachichi madogo yakining'inia.

Jambo hilo lilinigusa mara moja. Mtu wa upande wa pili wa ukuta angetaka kuua upande upi?

Mzee alitupokea akiwa amevaa suti ya zamani iliyopigwa pasi. Alitandika hati juu ya meza barazani, akaweka na ramani ya kiwanja aliyoichora mwenyewe, ikionyesha mti, ukuta, na mabanda ya kuku ya jirani. Alikuwa ameandika umbali wa kila kitu kwa mita na sentimita. Mke wake alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mama mfupi wa makamo ya mumewe, mwenye sauti ya chini.

"Kamwene, wanangu," alitusalimia kwa Kihehe. "Poleni na safari."

Tukamwitikia. Aliangalia misumeno yetu, akauliza, "Kwa hiyo leo unaanguka?"

"Tukiridhika, mama," nilisema.

"Mkiridhika na nini?"

Mzee akamjibu badala yangu. "Na ushahidi," alisema. Kisha akavaa kofia, akaenda kumfuata mwenyekiti wa mtaa.

Hakuwa amefika mbali nikasikia mtu ananiita kwa mluzi kutoka ukutani. Ndiye jirani, mwanamume wa miaka hamsini hivi, amesimama juu ya kitu upande wake, kichwa na mabega tu vikionekana. Alikuwa ameshika trei la mayai.

"Fundi, huo mti mtauangushia wapi?"

"Bado hatujaamua."

"Nina kuku mia mbili hapa chini. Huyo mzee atawaambia muuangushie kwangu. Namjua."

"Hatuangushi mzima. Tunashusha vipande kwa kamba."

Alinitazama kama anayesikiliza uongo uliotungwa vizuri. Akapitisha trei juu ya ukuta. "Chukueni. Mfanye kazi kwa uangalifu." Nikakataa. Akasema si hongo, ni mayai. Nikakataa tena, akaliacha juu ya ukuta, akashuka. Lilibaki pale linatikisika kwa upepo, ikabidi nilishike lisianguke. Ndivyo nilivyokuwa, na trei la mayai mikononi, mzee aliporudi getini kuchukua simu aliyoisahau.

Aliniangalia, akaliangalia trei, akaingia ndani, akatoka na simu, akaenda zake. Nikajua kwamba nimeshapoteza kesi ambayo sijaisikiliza.

Trei nililirudisha juu ya ukuta nikaliegemeza na jiwe. Tukaanza kukagua mti.

Shemeji alikwangua gome kwa kisu, akianzia upande wa jirani. Ndani kulikuwa na ubichi. Akazunguka kidogo kidogo. Alipofika upande wa jiko la nje, gome lilikuwa kavu na linabanduka kama ganda la muhogo. Pale chini kulikuwa na kuni zimepangwa vizuri, zimeegemezwa shinani mpaka usawa wa kiuno. Tukaziondoa chache. Udongo nyuma yake ulikuwa umelundikwa juu kuliko pengine. Shemeji akaufukua kwa vidole, akasimama.

"Njoo," alisema.

Yalikuwa matundu matano, yaliyotobolewa kwa keekee, yameelekezwa chini kwa mshazari kama kazi ya mtu aliyeelekezwa namna ya kufanya. Kila tundu lilikuwa limezibwa na kitu cheupe. Nikakichokonoa, nikanusa. Sabuni ya mche. Nyuma ya sabuni kulikuwa na harufu nyingine, harufu ya dawa ya kuulia magugu, ile inayokushika kooni ukiingia duka la pembejeo.

Kwa hiyo mzee alikuwa na haki nusu. Mti umeuawa. Lakini matundu yalikuwa ndani ya ukuta wake, hatua nne kutoka mlango wa jiko, nyuma ya kuni za nyumba yake. Jirani angeingiaje na keekee, atoboe, azibe, afukie, apange kuni, na asionekane?

Nilimfikiria mzee. Nikakumbuka maswali yake ya simu, ramani yake, karatasi aliyoitaka kabla hata hatujaona mti. Nikajiambia huyu ameua mti wake mwenyewe ili ampeleke jirani kwenye baraza la kata, na ameniita mimi wa Mbeya kwa sababu nitaweka saini na kuondoka. Niliwaza kumwambia shemeji tufunge kamba turudi stendi.

Nikiwa bado nimechuchumaa pale na kipande cha sabuni kwenye kidole, mama akatoka jikoni na sinia la chai. Alituona. Aliona kuni tulizoondoa. Aliweka sinia juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaja taratibu, akaokota kuni moja, akairudisha mahali pake. Akaokota ya pili, akairudisha. Alipomaliza zote alijipangusa.

"Kunyweni chai kabla haijapoa," alisema, akarudi jikoni.

Shemeji alinitazama. Sikuwa na haja ya kumuuliza anafikiri nini.

Tulikunywa chai. Mzee alirudi na mwenyekiti, mwanamke mnene mchangamfu aliyesalimia kila mtu na kuomba kiti. Mzee aliniuliza nimeona nini. Nikasema bado nakagua. Akauliza ukaguzi unachukua muda gani. Nikasema mti ni mkubwa.

"Nilikuona na mayai," alisema.

"Sikuyachukua, mzee. Yako pale ukutani."

"Yapo kwa sababu nilikuona."

Mwenyekiti akatazama pembeni. Kitu kigumu ni kwamba nilikuwa namficha mzee jambo kweli, ila si lile alilolidhani.

Kwa saa mbili nzima nilijifanya nina kazi. Nilipima unene wa shina, nikampandisha shemeji akafunga kamba juu, nikapiga picha ambazo sikuzihitaji. Mzee alikuwa barazani akinifuatilia kwa macho, kila nilipokwenda. Mwisho nilisema nakwenda kunawa mikono, nikaingia jiko la nje.

Mama alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Ulitaka kuniuliza," alisema.

"Mama, mzee anataka niandike kwamba ni jirani. Siwezi kuandika hivyo."

"Usiandike."

"Nisipoandika ataniuliza kwa nini."

Mikono yake iliendelea na mboga. Kisha akanieleza, kwa sauti ile ile ya chini, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Msimu wa mvua uliopita tawi moja kubwa lilikatika likapasua bati juu ya chumba cha nyuma. Mjukuu wao alikuwa amelala humo. Lilimkosa kwa kipimo ambacho mama alinionyesha kwa mikono miwili, si zaidi ya urefu wa mkate. Akamwomba mumewe mti ukatwe. Mumewe akatoka na vyombo vyake vya zamani, akapima, akamwambia mti umeinamia upande wa ukuta, sio wa nyumba, kwa hiyo hauna hatari.

"Nilimwomba tena. Nikamwomba kupitia watoto. Nikamwomba kupitia mchungaji. Anatoa vipimo." Alitupa bua la mboga kwenye ndoo. "Upepo ukianza mimi silali kitandani, nakaa kwenye kiti. Nikaenda dukani nikasema nina kisiki kinachochipua. Kijana wa duka akanieleza namna ya kufanya. Keekee ni ya mwanangu."

"Na jirani?"

Hapo ndipo mikono ilisimama. "Sikumtaja jirani mimi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtaja, kwa kuwa matawi yameinamia mabanda yake ya kuku. Nikasema atasahau. Akaenda mpaka ofisi ya kata. Wale watu walikuwa wanasalimiana kila asubuhi. Sasa hawasalimiani, na mimi nikimwona mke wake dukani napita njia nyingine."

Nilikuwa na njia rahisi, na nakiri niliifikiria. Ningekata shina chini kabisa, chini ya matundu, na kile kipande ningekipasua kwanza. Dakika kumi za mashine, ushahidi wote ungekuwa unga wa mbao. Mzee angebaki na dhana yake, mama na siri yake, nami ningesema sikuona kitu cha uhakika. Nilikumbuka ofisi ya kata ya Mbeya na yule mtu akiniangalia mikono.

"Mama," nilisema, "nitakata juu ya matundu. Kisiki kitabaki na yeye atakiona, anaona kila kitu. Ni heri asikie kwako kabla sijawasha mashine."

Alinitazama kwa mara ya kwanza. Sikuona shukrani usoni mwake. Nadhani alikuwa ananipima, kama mumewe.

"Wewe una mke?" aliuliza.

"Ninaye."

"Haya. Mwite mzee."

Nilimwita. Nilisema mama anamhitaji jikoni. Mzee aliinuka akiwa ameudhika, akitengeneza koti. Tukabaki uani, mimi, shemeji na mwenyekiti. Hatukusikia sauti yoyote. Mwenyekiti aliniuliza kuna nini, nikasema ni mambo ya nyumbani, naye kwa kuwa ni mwenyekiti alielewa akaanza kuuliza bei ya mbao Mbeya.

Mzee alipotoka alikuwa ameshika kofia mkononi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kuni, akaziondoa moja moja, akachuchumaa. Alitoa rula ya kukunja mfukoni. Alipima kina cha tundu la kwanza, la pili, akaendelea mpaka la tano. Sijui alikuwa anatafuta nini katika vipimo vile. Labda alikuwa anahitaji mikono yake ifanye kitu inachokijua.

Akanigeukia. "Ulijua tangu saa ngapi?"

"Saa nne, mzee."

"Sasa ni saa saba. Umekaa na chai yangu tumboni kwa muda wa saa tatu ukijua."

Akainuka. Alitoka getini. Tulimwona akisimama mbele ya geti la jirani kwa muda mrefu, upepo ukimpeperusha koti, kabla ya kugonga. Mwenyekiti alimfuata. Walichoongea sikukisikia. Nilimwona jirani tu akitoka, akisikiliza mikono ikiwa kiunoni, akitikisa kichwa, halafu akitazama juu kwenye mti, kisha akimtazama mzee, kama asiyejua kama huu nao ni mtego. Hawakupeana mikono. Mzee alirudi akasema neno moja.

"Kateni."

Tulikata mpaka jioni. Shemeji alishusha matawi kwa kamba, moja moja, na jirani alisimama muda wote juu ya kitu chake ukutani akiangalia kila tawi linavyopita juu ya mabanda yake. Hakuna lililogusa bati. Tulipobakiza shina peke yake nikalikata kiasi cha goti, juu ya matundu kama nilivyoahidi. Mashine iliingia kirahisi mno. Nikajua kabla halijaanguka.

Ndani mlikuwa mtupu. Kuanzia pale tawi lilipokatika msimu uliopita, uozo ulikuwa umeshuka mpaka chini, mweusi na laini kama tope la mto, na mti ulikuwa umesimama kwa ganda la nje lenye upana wa kiganja. Na ganda lilikuwa jembamba zaidi upande wa nyumba.

Nilimwita mzee. Alivua koti, akampa mwenyekiti, akaingiza mkono ndani ya shina lililolala mpaka begani. Alikaa hivyo kidogo. Alipoutoa ulikuwa mweusi wote.

"Dawa ndiyo imefanya hivi?" aliuliza.

"Hapana, mzee. Dawa imekausha majani. Uozo huu ni wa miaka. Ungeanguka tu."

"Upande gani?"

Nilimwonyesha chumba cha nyuma.

Alitazama chumba, akatazama ramani yake iliyokuwa bado barazani imewekewa jiwe. Kisha akamwita mkewe kuelekea jikoni, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "Njoo uone." Mama alikuja, akatazama ndani ya shina, akatazama mkono wa mumewe. Nilitegemea aseme nilikwambia. Alisema, "Ngoja nikuletee maji ya moto unawe."

Mzee hakuniomba karatasi tena. Usiku huo tulilala tena nyumba ya wageni, na asubuhi tukapanda basi. Tulipopita Makambako shemeji akasema, "Yule mama angetuwekea dawa ile kwenye chai, sisi tungejuaje?" Nikamwangalia kuona kama anatania. Alikuwa anatazama nje.

Tangu siku hiyo napata wateja wa Iringa, wawili au watatu kila mwaka. Wote wanasema wametumwa na mzee mpima ardhi. Mmoja nilimuuliza mzee alimwambia nini juu yangu. Akasema, "Aliniambia wewe unajua kukaa kimya."

Nilitaka kumuuliza alisema hivyo akiwa na uso gani. Sikuuliza. Nilimwomba atafute hati ya kiwanja na namba ya mwenyekiti wa mtaa, nikamwambia nitampigia.